Baina ya 'Cane' na 'Flog': Tatizo la Kufasiri 'Nilichapwa' katika Kiswahili cha Manyatta, Kisumu

Mtoto wa Manyatta akisimama mbele ya mkalimani na kusema, 'Nilichapwa na mwalimu', ametumia maneno matatu ambayo kila msemaji wa Kiswahili mjini Kisumu huyaelewa bila kusita. Tatizo huanza pale maneno hayo yanapopaswa kuandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa kumbukumbu za mashauri nchini Kenya aghalabu huandikwa kwa lugha hiyo. Mkalimani akiandika kitenzi 'cane', amemtia mwalimu fimbo mkononi ambayo mtoto hakuitaja. Akiandika 'flog', amemfanya mwalimu kuwa mtu mkatili kabla ushahidi haujapimwa. Akiandika kitenzi cha jumla kinacholingana na 'kupiga', amepunguza jambo, maana mtoto huyo angetaka kusema alipigwa angesema hivyo. Makala haya yanakusudia kuchunguza tofauti ya maana iliyopo baina ya vitenzi 'cane' na 'flog', na kuonyesha kwa nini tofauti hiyo haioani na migawanyo iliyomo katika Kiswahili, hususa Kiswahili kisemwacho pembezoni mwa Ziwa Viktoria ambako Kijaluo ndicho lugha ya kwanza ya wasemaji walio wengi.

Yafaa kwanza kuangalia Kiingereza chenyewe, kwani kamusi ndogo zitumikazo shuleni huvieleza vitenzi hivi viwili kana kwamba kimoja ni kisawe cha kingine. Sivyo. Kitenzi 'cane' kimetokana na nomino: ni jina la kifaa lililofanywa tendo. Nomino hiyo iliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, Kifaransa kikaipata katika Kilatini, Kilatini katika Kigiriki, na Kigiriki katika lugha za Kisemiti, na kote huko maana yake ya asili ni tete au unyasi. Ni vema kukumbusha hapa kwamba neno la Kigiriki lenye maana ya kipimo au rula, ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na unyasi huohuo, lilipita katika Kiarabu na kutufikia sisi likiwa 'kanuni'. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa zamani, aliyesimama mbele ya darasa akiwa na henzerani katika mkono mmoja na kanuni za shule katika mkono wa pili, alikuwa ameshika maneno mawili ya ukoo mmoja. Huenda hakujua, na haikumzuia kufanya kazi yake.

Kitenzi 'flog' hakina nasaba ya heshima namna hiyo. Kilianza kuonekana katika maandishi katika karne ya 17, na kilihesabiwa kuwa neno la mitaani. Wataalamu wengi hukiona kuwa ni ufupisho uliofanywa na wanafunzi wa kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupiga mijeledi. Hakitaji kifaa chochote. Mtu aweza kutendwa hivyo kwa mjeledi wa ngozi, kwa kamba yenye mafundo, kwa fito zilizofungwa pamoja, hata kwa henzerani. Katika shule za Uingereza za karne ya 18 na ya 19 ndicho kilichokuwa kitenzi cha kawaida cha adhabu ya fito. Katika jeshi la nchi kavu na katika jeshi la majini ndicho kilichotaja adhabu rasmi ya askari na baharia. Basi hapo mwanzo hakikuwa na lawama ndani yake. Lawama iliingia baadaye, wakati mjadala wa kuikomesha adhabu hiyo ulipopamba moto. Jeshi la nchi kavu la Uingereza liliiondoa mwaka 1881, na kuanzia hapo kitenzi hiki kikaanza kuwa kitenzi cha kusemea mambo ya watu wengine: ya zamani, ya mabwana wa watumwa, ya serikali zisizopendwa. Wakati huohuo 'cane' kikabaki shuleni, kikawa kitenzi cha utaratibu, cha idadi inayojulikana na daftari la kumbukumbu.

Kwa ufupi, 'cane' hutaja kifaa na kudokeza utaratibu. 'Flog' hakitaji kifaa bali hudokeza kiasi, na siku hizi hudokeza pia kwamba kiasi hicho kimepita mpaka. Lakini isidhaniwe kwamba kitenzi cha kwanza ni cha upole kwa asili yake. Sheria ya Singapore hutumia neno hilohilo kwa adhabu ya wafungwa watu wazima, nayo ni adhabu inayochana ngozi. Mwaka 1994, kijana Mmarekani Michael Fay alipohukumiwa huko mapigo sita, ambayo baadaye yalipunguzwa yakawa manne, ubishi uliozuka Marekani ulikuwa kwa sehemu ubishi wa neno: msomaji aliyekulia katika shule zenye mwalimu na fimbo alipata picha moja, na aliyesoma maelezo ya jinsi adhabu inavyotolewa gerezani akapata picha nyingine kabisa. Upole, kwa hiyo, haumo katika neno, umo katika mahali neno lilipozoeleka kutumika.

Historia ya Kenya inatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Mwezi wa Machi 1907, Ewart Grogan na walowezi wenzake waliwapiga Waafrika watatu kwa kiboko hadharani mbele ya jengo la mahakama mjini Nairobi. Barua zilizoandikwa juu ya tukio hilo zilichapishwa mwaka huohuo kwa ajili ya Bunge la Uingereza, na katika jina la chapisho hilo mna neno 'flogging'. Serikali iliyochapisha barua hizo ilikuwa yenyewe ikiwahukumu Waafrika mapigo kila siku chini ya sheria zilizoletwa kutoka India. Lakini katika lugha ya sheria hayo yaliitwa kwa majina mengine. Mwili uliopigwa haukuweza kuona tofauti. Neno lilichaguliwa kwa kuangalia nani kashika kiboko na kwa idhini ya nani. Hilo ni jambo la kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba tofauti baina ya vitenzi hivi ni ya kifaa tu.

Wajerumani walikwenda mbali zaidi wakaiandika tofauti ya namna hii katika sheria. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896, iliyohusu makoloni ya Afrika pamoja na Tanganyika ya leo, ilitenga adhabu mbili kwa majina mawili: ya kwanza ilitolewa kwa kifaa kilichoidhinishwa na gavana, nayo haikuruhusiwa kupita mapigo 25 kwa mara moja, ya pili ilitolewa kwa ufito mwepesi, isizidi mapigo 20, na ndiyo pekee iliyoruhusiwa kwa wavulana walio chini ya umri wa miaka 16. Wanawake, Waarabu na Wahindi hawakuhusika. Kiswahili hakikuchukua majina hayo mawili. Kilichochukua ni idadi: 'hamsa ishirini' ikawa jina la adhabu yenyewe, nayo imo vinywani mwa wazee wa Tanzania hata baada ya Wajerumani kusahauliwa.

Hapa ndipo panapoonekana tofauti ya msingi baina ya lugha hizi mbili. Kiingereza hutia kifaa ndani ya kitenzi. Kiswahili huacha kitenzi kitaje namna ya tendo, mlio wake au nguvu yake, kama chapa, charaza, tandika, na kifaa hutajwa kwa nomino inayofuata: kupiga bakora, kupiga mijeledi, kutia kiboko, kula fimbo. Kwa hiyo mwenye kutafuta wenzi wa 'cane' na 'flog' katika vitenzi vya Kiswahili anatafuta mahali pasipo pake. Wenzi wao, kama wapo, wamo katika nomino.

Nomino hizo ni nyingi na kila moja ina safari yake. Bakora ni fimbo ya kutembelea yenye kipete cha kupinda, na ile iliyosifiwa zaidi Pwani ilichongwa kwa mti wa mtobwe. Ni fimbo ya mtu mzima mwenye heshima yake, na anapoinyanyua kumpiga mtu heshima hiyo huandamana nayo. Ndiyo maana kupigwa bakora ni kupigwa na mtu mwenye haki ya kupiga. Henzerani ni neno la Kiarabu lililo jina la mmea wenyewe, na ndilo lililo karibu kabisa na 'cane' kwa maana ya kitu. Mjeledi umetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ngozi: kumjelidi mtu ni kuipata ngozi yake. Mzizi huohuo umetupa 'jalada' la kitabu, kwa kuwa vitabu vya zamani vilivalishwa ngozi. Ufito ni wa mti wowote mwembamba. Kikoto ni cha kamba au miaa iliyosokotwa. Nyaunyo ni ukanda wa ngozi au mpira. Tukizipanga nomino hizi twaona kundi la mti upande mmoja na kundi la ngozi na kamba upande mwingine, na mpaka huu ndio unaokaribia mpaka wa Kiingereza.

Wafasiri wa zamani waliufahamu mpaka huu vizuri. Katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, iitwayo Union Version, mtume Paulo anapoeleza mateso yake, adhabu ya Kirumi ya viboko vya mti imefasiriwa kwa 'bakora', hali ile ya Kiyahudi ya arobaini kasoro moja imefasiriwa kwa 'mapigo' tu. Yesu anapopigwa kabla ya kusulubiwa, neno lililotumika ni 'mijeledi'. Na anapowafukuza wafanya biashara hekaluni, alichokisuka ni 'kikoto'. Maneno manne kwa hali nne, na hakuna hata moja linaloweza kuhamishwa mahali pa jingine bila kuharibu. Kwa upande mwingine, katika tafsiri ya Kurani ya Ali Muhsin al-Barwani ya mwaka 1995, adhabu ya mapigo mia katika Sura ya An-Nur imeitwa 'bakora', ingawa Kiarabu chake kina mzizi uleule uliotupa 'mjeledi'. Mfasiri alikuwa na neno la mzizi mmoja mkononi akaliacha. Sababu si ngumu kubuni: mjeledi katika sikio la Mswahili una harufu ya punda na mtumwa, bakora ina harufu ya hukumu. Yaani alifanya kwa nomino kile Kiingereza hufanya kwa kuchagua 'cane' badala ya 'flog'.

Sasa tuje kwenye neno ambalo limezimeza nomino hizi zote katika bara la Kenya, nalo ni kiboko. Kwa asili ni jina la mnyama. Mkazi wa Manyatta hahitaji kwenda mbali kumwona. Yumo ziwani Dunga, safari fupi kutoka mtaani. Kijaluo humwita mnyama huyo 'rao', na jina hilo halina uhusiano wowote na kupiga. Bali katika Kiswahili ngozi yake nene ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa na kupakwa mafuta, ikawa silaha ya wanyapara wa misafara na ya askari, na jina la mnyama likahamia kwenye ngozi. Walowezi Waingereza waliliazima neno hilo bila kulitafsiri. Ajabu ni kwamba huko Kongo ya Wabelgiji, ambako ngozi ya mnyama huyohuyo ilitumika kwa kazi hiyohiyo na Wazungu wakaiita kwa jina la asili ya Kireno, Kiswahili cha Katanga kimeshikilia kuita 'fimbo'. Kitu kimoja, upande mmoja jina la ngozi limekwenda mpaka kwenye mti, upande wa pili jina la mti limekwenda mpaka kwenye ngozi.

Safari ya kiboko haikuishia hapo. Kutoka kifaa, neno likawa jina la pigo moja: 'viboko sita' si vifaa sita, ni mapigo sita, nayo yaweza kutolewa kwa tawi la mti wowote uliopandwa uani. Kutoka pigo likawa jina la adhabu nzima, kama katika msemo 'adhabu ya viboko'. Na kutoka adhabu likawa jina la mtu au kitu kinachowashinda wengine: 'Yule ni kiboko', husemwa kwa sifa. Inapendeza kuona jinsi sarufi ilivyozifuata hatua hizi moja baada ya moja. Mnyama hupatana kwa upatanisho wa viumbe hai: kiboko mkubwa amelala, viboko wakubwa wamelala. Ngozi na pigo hupatana kwa ki- na vi-: kiboko kikubwa kimekatika, viboko vikubwa vimekatika. Mshindi ana tabia ya tatu. Katika mazungumzo ya mitaani husemwa 'kiboko yao', si 'kiboko chao' wala 'kiboko wao', kwa umilikishi uleule utumikao kwa rafiki na ndugu: rafiki yao, ndugu yao. Mwanafunzi wa isimu atakayetaka mfano wa neno moja lililogawanyika kuwa maneno matatu, na ushahidi wa mgawanyiko huo ukawa ndani ya viambishi vyenyewe, hatapata mfano ulio mzuri zaidi.

Matokeo ya safari hii kwa mada yetu ni makubwa. Kiboko cha awali, yaani ukanda wa ngozi, kilikuwa upande wa 'flog' bila shaka yoyote. Kiboko cha leo shuleni, yaani pigo la ufito, kipo upande wa 'cane'. Neno limevuka mto na kubaki na sura ileile. Mwalimu anayesema, 'Nilimpa viboko viwili', na mzazi anayesikia kwamba mwanawe amepigwa kiboko, wanatumia neno moja lakini kila mmoja anaweza kuwa anasimama katika ukingo wake. Yamkini ugomvi mwingi baina ya wazazi na walimu huanzia hapa, ingawa ni kweli pia kwamba mwingi huanzia kwenye alama zilizoachwa mgongoni, ambazo hazihitaji kamusi.

Tumesema kwamba Kiswahili hakitii kifaa ndani ya kitenzi. Haifuati kwamba vitenzi vyake havina kazi. Katika Kiswahili cha Manyatta, 'kupiga' na 'kuchapa' hutofautishwa kwa ukali ambao Kiswahili sanifu hakiulazimishi. 'Mwalimu alinipiga' ni shtaka. 'Mwalimu alinichapa' ni habari. Kitenzi cha kwanza kinaweza kufuatwa na ngumi, kofi au teke. Cha pili hudhaniwa kuwa ni cha kitu chembamba chenye kunepa, na kwamba anayetenda ni mkubwa wa anayetendwa. Mtoto hamchapi mwalimu wake, akimrudishia, amempiga. Watoto wawili wakigombana wamepigana, wala hawajachapana, isipokuwa mmoja amejifanya mkubwa kwa mzaha.

Kuna sababu ya kuamini kwamba Kijaluo kimechangia kuunoa mpaka huu. Lugha hiyo ina kitenzi cha jumla 'goyo', ambacho ni kipana kama 'kupiga': Mjaluo hupiga simu kwa kitenzi hicho, hupiga gumzo, hata shukrani hutolewa kwacho. Kando yake kuna 'chwado', kitenzi chembamba cha kupiga kwa kitu chenye kunepa, na kitu hicho huitwa 'kede', yaani ufito. Kuna pia 'luth', fimbo ya kutembelea iliyo alama ya utu uzima, ambayo kwa heshima yake inaikaribia bakora. Na kuna 'kumo', kuadhibu, ambacho hakisemi kwa njia gani. Msemaji aliyekulia katika 'goyo' na 'chwado' hupata 'kupiga' na 'kuchapa' vikimngojea tayari, naye huvivalisha mpaka aliokuja nao. Inastahili kusemwa kwamba mpaka huo haufanani na ule wa Kiingereza. 'Chwado' kinajumlisha 'cane' na 'flog' vyote viwili: unepaji wa kifaa ndio unaohesabiwa, si ukatili wala utaratibu.

Upole wa 'kuchapa' huzidishwa na jamaa zake. Mtu mwenye bidii huchapa kazi, akaitwa mchapakazi, na hakuna sifa ya kiongozi inayopendwa zaidi majukwaani. Aliyechoka huchapa usingizi. Mlevi amechapa maji. Gor Mahia wakifungwa wamechapwa, na wakifunga wamechapa, na neno hilo hubeba kicheko kuliko kilio. Kuchapa kitabu, kwa wale watakaouliza, ni jambo jingine. Hilo lilikuja kutoka lugha za Bara Hindi kwa njia ya 'chapa' ya muhuri na mtambo, na kufanana kwao ni kwa bahati. Lakini masikioni mwa msemaji wa kawaida yote hukaa katika nyumba moja, na nyumba hiyo ni ya uchangamfu. Kitenzi 'flog' hakijui uchangamfu huo. Katika Kiingereza cha Uingereza kimekubali maana ya kimtaani ya kuuza, basi, na maana hiyo haikuvuka bahari kuja Kenya.

Kwa upande wa Pwani kulikuwa na kitenzi cha nne ambacho kingefaa sana mjadala huu, nacho ni 'kurudi' kwa maana ya kumwonya au kumwadibisha mtu, maana iliyosajiliwa katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Baba humrudi mwanawe kwa maneno au kwa fimbo, na kitenzi hakilazimishi. Katika Kisumu sikio la vijana husikia 'kurejea' tu. Badala yake hutumika 'kutia adabu', na hapo twakutana na jozi inayowasumbua wengi: adabu na adhabu. Ya kwanza katika Kiarabu ni tabia njema, ya pili ni mateso. Konsonanti moja ndiyo inayoyatenga. Msemaji wa baadhi ya lugha za Kibantu za bara asiye na /dh/ katika lugha yake huyachanganya mara nyingi, na kwa kosa hilo la matamshi anatoa falsafa nzima ya malezi bila kukusudia. Mjaluo, ambaye lugha yake hutenga /d/ na /dh/ tangu utotoni, hapati taabu hiyo. Taabu zake ziko kwenye /sh/ na /z/.

Turudi kwenye sheria, kwa kuwa ndiko tofauti hizi zinakogharimu. Kanuni za Nidhamu Shuleni zilizotolewa Kenya kwa Tangazo la Sheria Na. 40 la mwaka 1972 ziliruhusu mapigo kwa masharti: baada ya uchunguzi kamili, mbele ya shahidi lakini si mbele ya wanafunzi wengine, kwa fimbo au ukanda wa kipimo kilichowekwa, yasizidi sita, na yaandikwe. Mtu anaweza kuyasoma masharti hayo kuwa ni fasili ya kitenzi 'cane', imetandazwa katika vifungu. Kila sharti lililovunjwa lilisogeza tendo kuelekea 'flog'. Kanuni hizo ziliondolewa kwa Tangazo la Sheria Na. 56 la mwaka 2001. Mwaka 2003 sheria ya kurekebisha sheria za jinai ilifuta adhabu hiyo katika hukumu za mahakama. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, ikamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya mwili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaharamisha kumtendea mwanafunzi ukatili wa kimwili au wa kisaikolojia. Tangu hapo mbele ya sheria ya Kenya hakuna tena 'cane' iliyo halali na 'flog' iliyo haramu. Tanzania ni tofauti. Huko kanuni za shule bado zinahesabu viboko, na Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliwahi kuhesabu 24, kumi na viwili mfungwa anapoingia gerezani na kumi na viwili anapotoka.

Sheria ya Kenya imefuta mpaka, lakini lugha haikuufuta. Istilahi iliyozoeleka magazetini na redioni kwa jambo linalokatazwa ni 'adhabu ya viboko'. Istilahi hii ina kasoro mbili. Ni nyembamba mno: kofi, finyo, kuvutwa sikio, kupigishwa magoti juani, yote hayo yamo katika katazo la Kiingereza na hayamo katika kiboko. Mwalimu aliyemzaba mwanafunzi kofi anaweza kuapa kwa Kiswahili kwamba hajatoa adhabu ya viboko, na akawa hajasema uongo. Tena ni nzito mno: kwa yule ambaye kiboko bado ni ngozi ya mnyama wa Dunga na mkono wa askari wa mkoloni, kilichokatazwa ni kile cha wakoloni, na ufito wa mpera alioukata asubuhi haumo. Wanaopendekeza 'adhabu ya mwili' wamelenga vizuri zaidi, ingawa hilo nalo linaweza kusikika kama kifungo au kazi ngumu. 'Adhabu ya kuumiza mwili' ni ndefu, lakini haiachi mlango wazi.

Kuhusu mkalimani tuliyeanza naye, kosa lake si kuchagua kitenzi kibaya. Ni kuchagua upesi. 'Nilichapwa' inamweleza mambo mawili tu kwa hakika: kwamba kifaa kilikuwa chembamba chenye kunepa, na kwamba aliyetenda alikuwa na cheo juu ya aliyetendwa. Haisemi kama kilikuwa henzerani, waya wa umeme, nyaunyo au mpira wa kunyweshea maji bustani. Haisemi mara ngapi, wala mahali gani mwilini. Kiingereza kinataka kuyajua yote hayo kabla ya kutoa kitenzi. Kiswahili kina pa kuyaweka, katika nomino na idadi zinazofuata kitenzi, lakini msemaji haziweki mpaka aulizwe, kwa sababu katika mazungumzo ya nyumbani hakuna anayeuliza. Maswali ni mafupi: kwa kitu gani, mara ngapi, wapi. Mtoto wa Manyatta akiulizwa kwa Kijaluo atajibu kwa Kijaluo, na akitaja 'kede' mkalimani atakuwa na haki ya kuandika 'cane'. Akitaja kitu kingine, yampasa aandike jina la kitu hicho, na kitenzi kiwe kile cha jumla.